Kuhusu picha za ubongo wa mama

Rehema mpendwa,

Za siku? Barua yako nimeipata, na picha za MRI nimezipitia jana baada ya zamu. Kwanza mpe mama shikamoo yangu. Nimefurahi mno kusikia ameanza kushika kikombe mwenyewe baada ya kile kiharusi.

Sasa hayo madoa meusi kwenye picha za MRI, uliyoniuliza, yanayowanyima usingizi. Mshipa mdogo ukichakaa, damu kidogo hupenya nje. Mwili huisafisha, ila chuma kilichokuwemo kwenye damu hubaki pale miaka mingi. Chuma hicho huvuruga sumaku ya mashine, ndiyo maana doa huonekana kubwa kuliko kidonda chenyewe. CT scan, yaani picha ya eksirei ya kichwa, ya siku ile ya kwanza ya kiharusi isingeyaonyesha, kwa hiyo msimlaumu aliyeisoma. Ila hiyo hiyo CT imenisaidia: chokaa inayojijenga ndani ya ubongo nayo hutoka nyeusi kwenye MRI, lakini kwenye CT hung'aa nyeupe, nikalinganisha picha mbili. Ya mama ni damu.

Mimi huanza kuangalia yamekaa wapi, kuhesabu baadaye. Ya mama yamekaa ndani kabisa, kwenye thalamasi, sehemu ya katikati ya ubongo, na kwenye shina la ubongo. Hiyo ni kazi ya presha ya miaka mingi. Yangekuwa pembeni tu, kwenye mikunjo ya juu ya ubongo, ningewaza amiloidi, protini inayojibandika kwenye kuta za mishipa ya wazee.

Kaka yako anauliza vipimo vya vinasaba. Swali zuri, lakini kwa mama sioni haja. Jeni ya APOE inahusika zaidi na hiyo damu ya pembeni: aina ya e4 huongeza amiloidi ukutani, na e2, ambayo hupunguza hatari ya Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, nayo huzidisha hatari ya ukuta kupasuka. Inanishangaza mpaka leo. Kujua mama ana ipi hakutabadilisha dawa hata moja. Jeni moja kuangusha ukoo mzima ni jambo jingine. Kule Katwijk, Uholanzi, zipo familia zenye hitilafu kwenye jeni ya APP, na watu huvuja damu kichwani wakiwa na miaka kama 50. Kuna pia jeni nyingine ambazo hitilafu zake huharibu mishipa midogo ya ubongo: NOTCH3, iliyotambuliwa mwaka 1996, na COL4A1 inayoweza kuumiza hata mtoto tumboni. Kwenu kuna mtu aliyepata kiharusi kabla ya miaka 50? Muulize shangazi yako mkubwa, yeye ndiye anayeujua ukoo.

Hilo la kaka yako kutaka mama aache aspirini, dawa ya kuzuia damu isigande, ndilo limenitia hofu. Tafadhali, Rehema, asiachishwe kwa sababu ya madoa. Kiharusi cha mama kilitokana na mshipa kuziba. Mwaka 2019 watafiti waliunganisha taarifa za wagonjwa zaidi ya 20,000 wa aina hiyo: madoa mengi yaliongeza hatari ya damu kuvuja, kweli, lakini hata kwa wenye madoa mengi kuziba tena kulitokea mara nyingi kuliko kuvuja. Uamuzi ni wa daktari wake. Kaka asijiamulie.

Presha ndiyo ya kupigana nayo. Mpimeni asubuhi na jioni, akiwa ameketi na kupumzika, mwandike namba kwenye daftari. Wengi tunalenga chini ya 130/80, mradi asipate kizunguzungu akisimama. Chumvi ya mezani iondoeni, na dawa asiruke hata akijisikia mzima.

Nitumie hizo namba Jumapili, na jibu la shangazi. Nitampigia kaka yako mwenyewe.

Wako akupendaye,
Zuhura