Hewa ukaa ya mikoko: wakataji boriti wa Lamu wasiachwe nje

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe rai yangu kuhusu biashara ya hewa ukaa inayotokana na misitu ya mikoko, yaani wanaoutunza msitu kulipwa kwa kila tani ya hewa hiyo ambayo miti imeizuia isibaki angani, na hasa kuhusu kaunti ya Lamu. Kenya ina takriban hekta 61,000 za mikoko, na karibu hekta 37,000 kati ya hizo ziko Lamu. Biashara hii haiwezi kukua katika pwani yetu bila Lamu kuhusika, nami naiunga mkono. Ninachokipinga ni mikataba kutiwa sahihi kabla wakataji wa boriti hawajaitwa na kusikilizwa kama watu wenye haki katika msitu huo.

Kwamba biashara yenyewe inawezekana, Gazi na Makongeni katika kaunti ya Kwale wamekwisha kutuonyesha. Mradi wao wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, ndio uliokuwa wa kwanza duniani kwa jamii kuuza hewa ukaa ya mikoko. Msitu unaohusika ni hekta 117 tu, na kiasi kinachouzwa ni kama tani 3,000 kwa mwaka. Fedha zake si nyingi, lakini zimeleta maji vijijini na vitabu shuleni, na wanakijiji wenyewe ndio wanaokaa vikao na kuamua zitumike wapi. Jambo linalosahaulika mradi huu unaposifiwa ni kwamba haukuzuka ghafla. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, akiwemo Dkt. James Kairo, walikuwa wakipanda mikoko Gazi pamoja na wenyeji tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya msitu ule kukatwa ovyo kwa ajili ya kuni za viwandani. Na mradi ulipokuja ulipanda mivinje nchi kavu, ili watu wapate kuni na miti ya kujengea bila kurudi kukata mikoko. Mivinje hiyo ndiyo sehemu ya mradi ambayo viongozi wetu wangepaswa kuitazama kwa makini zaidi.

Nasema hivyo kwa sababu Lamu si Gazi. Ukataji wa mikoko huku ni kazi ya vizazi. Boriti za Lamu zilipakiwa majahazini kwenda Uarabuni na nchi za Ghuba, ambako miti ya kuezekea ni haba, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Tangu hapo soko limebaki la humu nchini, na mkataji huingia msituni kwa leseni, akahesabu mapau, mazio, boriti na nguzo zake, miti ya unene mbalimbali, kwa korija, yaani ishirini ishirini. Februari 2018, serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma nchini kote kwa sababu ya mito iliyokuwa ikikauka bara, familia hizi za visiwani zilikosa riziki kwa amri ambayo chanzo chake hakikuwa mikoko hata kidogo. Mradi wa hewa ukaa utakaofunga msitu bila kuwapa watu hawa kazi nyingine utarudia dhuluma ile ile, na safari hii kwa mkataba wa miongo kadhaa. Tena hautafaulu hata kwa vipimo vyake wenyewe, maana nyumba zitaendelea kujengwa, na mkataji aliyezuiwa katika mkondo mmoja akahamia mkondo wa pili hajaipunguzia dunia hata tani moja.

Liko pia suala la fedha. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2023, inaagiza miradi ya ardhini iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, chini ya mkataba wa maendeleo ya jamii. Ni hatua njema, na waliopigania kifungu hicho wanastahili shukrani. Lakini arubaini katika mia haimsaidii mtu asiyeijua mia yenyewe. Tani moja yaweza kupita kwa mwenye mradi, dalali na mnunuzi wa mwisho, na bei ikabadilika kila inapopita. Mwanakijiji anayeelezwa mwisho wa mwaka kwamba fungu lake ni kiasi fulani hana njia ya kujua kama amepunjwa.

Na hiyo jamii ni nani hasa? Mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na leo iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu. Mwananchi hushiriki kupitia chama cha jamii cha misitu kinachotia sahihi makubaliano ya usimamizi, kwa mujibu wa sheria ya misitu ya 2016. Chama kama hicho kikiwa na wanachama wachache wasiowahi kushika shoka wala kupiga kasia, sahihi yake haiwezi kuwafunga wakataji wa Faza, Ndau na Kizingitini. Januari 2025 mahakama ilitamka kwamba hifadhi mbili za jamii katika kaunti ya Isiolo ziliundwa kinyume cha Katiba, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na mojawapo ilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa hewa ukaa wa nyanda za malisho. Wafugaji waliofungua kesi hiyo walisubiri miaka kadhaa kupata uamuzi huo.

Naiomba serikali ya kaunti, pamoja na Shirika la Huduma za Misitu, wahakikishe kwamba rasimu ya mkataba wowote inaandikwa kwa Kiswahili na kusomwa barazani katika kila kisiwa kabla ya kutiwa sahihi, ikiwa na bei ya tani na gharama zote zinazokatwa, na kwamba wakataji wenye leseni wanapata viti katika kamati ya mradi. Hekta 37,000 hazina haja ya kuuzwa kwa mkupuo. Kaunti ianzie katika maeneo yaliyokatwa kupita kiasi, ambayo yanahitaji kupandwa upya na ambayo wakataji wenyewe wanaweza kulipwa kuyapanda, na maeneo yenye miti ya kutosha yaendelee kutoa boriti kwa leseni hadi mivinje itakapofikia kimo cha kujengea.

Msomaji wako,
Lamu