Mwanangu, hiyo nyumba ya Fuoni usiitumie pesa bado

Mwanangu mpenzi, assalam alaykum.

Voisi yako nimeiskiliza mara tatu, ya mwanzo nikafurahi, ya tatu nikakosa usingizi, ndo maana nakaa nakuandikia maana kwenye simu ukishaanza kusema hunipi nafasi.

Unanambia dalali kakutumia picha huko Muscat, nyumba ya huko Fuoni, Unguja, vyumba vitatu, ilikuwa shilingi milioni 80 sasa anaitoa kwa 60 kwa sababu mwenyewe alikuwa anafanya kazi hoteli Paje na tangu mwezi wa 3 mwaka huu wa 2020 watalii hakuna kwa hii corona, kasimamishwa. Hali ndo hiyo kweli. Na mimi sikukatazi kununua wakati watu wanauza, hii nyumba tunayolala hapa Wete marehemu baba yako aliipata hivo hivo, miaka ile ya 1980 karafuu ilipoanguka, Indonesia ndo alikuwa mnunuzi mkubwa akaanza kutosheka na karafuu zake mwenyewe, watu Pemba wakauza mpaka milango.

Lakini kilichofuata hukuwahi kuhadithiwa. Aliyetuuzia alikuwa kaka mkubwa, na nyumba ilikuwa ya baba yao aliyekwishafariki, mirathi haijagaiwa. Baada ya miaka sita akaja dada yao kutoka Mombasa anadai fungu lake, mtoto wa kike nusu ya fungu la kaka yake, na haki alikuwa nayo. Tukafika kwa kadhi. Baba yako akalipa mara ya pili, ng'ombe wawili wakaenda na mkufu wangu wa harusi ukaenda. Yule dada sikumlaumu hata siku moja, mimi ningekuwa yeye ningekuja vile vile.

Basi kabla hujauliza bei uliza nyumba ni ya nani. Kaijenga mwenyewe au karithi? Kama karithi, mama yake yupo, dada zake wako wapi, wote watatia saini mbele ya sheha, yule kiongozi wa serikali hapo mtaani? Halafu hati uione yenyewe, picha ya hati haitoshi. Ardhi ya Zanzibar yote ni ya serikali, unachonunua wewe ni nyumba na haki ya kuitumia ardhi, sasa hiyo haki lazima iwe kwa jina la huyo anaekuuzia. Na skiza sana hapa, viwanja vingi vinavozungushwa na madalali vimekatwa ndani ya mashamba ya eka tatu, na eka tatu mtu alipewa baada ya Mapinduzi alime, hakupewa auze.

Umesema utapangisha kwa laki mbili na nusu kwa mwezi. Hiyo ni milioni 3 kwa mwaka, kwa hiyo milioni 60 zinarudi baada ya miaka 20, na hapo hujakaa hata mwezi mmoja bila mpangaji, hujapiga rangi, hujaziba bati. Mimi nimeweka milioni 2 kwa mwaka, ikawa miaka 30. Sasa hivi nani atapanga na watu wamerudi kwao mashamba? Kama unaweza kukaa na nyumba tupu mwaka mzima bila kupunguza pesa ya ada za wanao, sawa, nunua. Kama huwezi subiri. Na mkopo wa riba usinigusie kabisa.

Jengine, huyo kijana wa Paje usimkamue. Dalali anakwambia atashuka mpaka 50 kwa vile ana shida, mimi sitaki uingie kwenye nyumba ya mtu analia. Hati ikiwa safi mpe 60 yake.

Mjomba wako anapanda boti Alkhamis kwenda Unguja. Nitumie jina la shehia na mtaa leo, atakwenda kuonana na sheha, na majirani atawauliza masika haya yaliyopita maji yaliingia mpaka wapi. Dalali usimwambie kama anakuja.

Mama yako, Wete