Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kwa nini simenti ilingoja

Bamama na bababa, wazee wa avenyu, vijana wetu, jambo kwenu nyote.

Desturi inataka mwenyekiti aanze na mikutano iliyofanyika, wageni waliopokelewa na barua zilizoandikwa. Hayo yote katibu ameyaweka katika daftari lililoko mezani, mwenye kutaka asome. Mimi nitakaa juu ya jambo moja ambalo limekula nguvu zetu mwaka mzima, na ambalo najua ndilo limewaleta wengi wenu leo mkiwa mmekunja uso: maji yaliyoingia majumbani wakati wa masika, na uamuzi wa komiti ya chama chetu wa kutogawa simenti hata mfuko mmoja kabla ya kiangazi.

Sina haja ya kuwaeleza maji yalivyokuja. Tunakaa katika bonde la mto Lubumbashi, na mvua karibu yote ya mwaka, kama milimita 1,200, inatuangukia kati ya Novemba na Aprili. Huko juu mji umejaa saruji na manjanja ya mabati, miti imekwisha kuwa makala, kwa hiyo maji hayana pa kuzama, yanateremka yote kwa pamoja. Yakifika kwetu yanakuta mitaro imejaa chupa na mifuko. Kuhusu waliotuuzia lupango, yaani viwanja, hadi ukingoni mwa mto, tunawajua, na siku yao itakuja. Leo si yao.

Jambo la kwanza ambalo nataka liandikwe katika kumbukumbu ni kwamba usiku ule maji yalipoingia hatukupoteza mtu kwa umeme, na haikuwa bahati. Vijana wa zamu walipita mlango kwa mlango wakizuia watu kurudi ndani kabla umeme haujakatwa. Baba mmoja alitaka sana kuokoa friza yake, akawatukana vijana mpaka akachoka. Friza iliharibika, yeye yupo hapa mstari wa pili. Mnajua nyaya zetu zilivyo, nyingine zimepita chini, nyingine zimefungwa kwa nailoni. Mtu aliyesimama ndani ya maji hagusi swichi, hata ya kuzima. Umeme unakatwa kutoka nje, na fundi anakagua waya kabla haujarudishwa.

Kulipopambazuka swali lilikuwa moja kwenye kila mdomo: simenti iko wapi? Sanduku la majanga si lipo? Lilikuwapo, na komiti ililifungua siku ileile. Tulikodi motopompe, tukanunua petroli, masepetu, javeli ya kuua vijidudu, sabuni, chokaa na plastiki ya kufunika vitu, tukawapikia bukari vijana waliofanya salongo, kazi ya pamoja ya usafi. Simenti hatukununua. Ndipo maneno yakaanza, kwamba komiti inakula makuta, yaani fedha, kwamba mwenyekiti ana duka la javeli. Sina duka.

Sasa sikilizeni sababu, maana wengine mlikataa kuisikia wakati ule mkiwa na hasira, na hasira yenu ilikuwa na haki.

Nyumba zetu nyingi ni za tofali za udongo zisizochomwa, tena udongo wa kichuguu, ambao ni mzuri kwa sababu unashikamana na ukikauka unakuwa mgumu kweli. Lakini tofali hiyo ikikaa majini inaanza kurudi udongo. Na maji hayaishii pale tope lilipoacha alama. Yanapanda ndani kwa ndani, juu ya alama, na ukuta unaoonekana mkavu usoni unakuwa umelowa tumboni. Ukiupiga simenti wakati huo umeyafungia maji mlango. Simenti haipumui kama udongo. Maji yanabaki nyuma yake, yanalainisha tofali polepole, na siku moja plasta inaanguka ikiwa imebeba kipande cha ukuta.

Kuna nyumba tatu ambazo wenyewe walikataa kungoja, wakapiga plasta Februari kwa makuta yao. Siwataji, wala siwacheki, kila mtu anataka watoto walale mahali panapofanana na nyumba. Mwezi wa saba tulipita na fundi, tukagonga kuta kwa kifundo cha kidole. Zililia kama ngoma kuanzia chini hadi usawa wa dirisha. Katika nyumba mojawapo fundi aliingiza ncha ya kisu penye ufa, kipande cha ukubwa wa sinia kikadondoka, na nyuma yake udongo ulikuwa bado laini, unaupenya kwa kidole. Huo ulikuwa mwezi wa saba, kiangazi katikati, vumbi barabarani.

Wengi wenu mlicheka mlipoona vipande vya plastiki vimebandikwa ukutani kwenye nyumba zenu, mkasema komiti inafunga kuta bendeji. Ile ilikuwa njia ya fundi ya kupima. Anakata mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, upana wa viganja viwili, anaubandika kwa utepe wa gundi pande zote nne pasibaki upenyo, anauacha usiku kucha. Asubuhi, kama nyuma ya plastiki kuna matone, ukuta bado unatoa maji. Machi matone yalikuwa yanateremka. Mei, ukungu tu. Julai, katika nyumba nyingi, plastiki ilikuwa kavu, na hapo ndipo tukaanza kugawa. Mafundi wana hesabu yao ya zamani: mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, yaani sentimita 2.5. Tofali zetu zina sentimita 15 mpaka 20. Hata ukuta ukikaukia pande zote mbili, hesabu inakupeleka miezi mitatu, minne, na mvua ikiendelea ni zaidi. Hakuna aliyetaka kusikia hesabu hiyo Januari, hata mke wangu.

Na hata sasa, tunachogawa ni chokaa zaidi kuliko simenti. Tofali ya udongo inapatana na chokaa, kwa sababu chokaa inaacha unyevu utoke. Haing'ai kama plasta ya simenti, nakubali. Anayetaka ukuta wa kung'aa afanye kwa makuta yake, sanduku halitalipia jambo ambalo litaanguka masika ijayo.

Nirudi kwenye siku za kwanza, maana huko ndiko tulikojifunza mengi. Tope linaondolewa likiwa bado bichi. Likikauka linashika sakafu na miguu ya meza, na ukilifagia linakuwa vumbi linaloingia kifuani. Halafu tope la bonde letu si la kupeleka kwenye bustani ya sombe na lengalenga. Mji huu unayeyusha shaba tangu mwaka 1911, na udongo wake umebeba madini hayo. Wale mliofurahia mbolea ya bure, nawaomba muitoe.

Kuhusu javeli, watu waliimwaga juu ya tope wakidhani wameua vijidudu. Javeli ndani ya uchafu inapotea bure. Ni sabuni kwanza, maji masafi baadaye, javeli mwisho, kikombe kimoja kwa bidoni ya lita 20, na mlango uwe wazi. Isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Mchanganyiko huo unatoa hewa ya sumu, inayochoma macho na mapafu.

Magodoro ndiyo yaliyotugombanisha na bamama. Godoro la sponji lililolowa maji ya choo haliponi. Mama mmoja alilianika lake juu ya manjanja siku nyingi, akatuita kwa fahari tuje tulione. Juu lilikuwa kavu na la moto. Nilipolikandamiza kwa mikono miwili, katikati yakatoka maji meusi yenye harufu. Alilitazama kimya, kisha akalishusha mwenyewe. Najua bei ya godoro. Ndiyo maana komiti iliweka magodoro mbele ya meza na viti katika msaada wa pili, ulipopatikana.

Sasa nifike kwenye mbabula, jiko letu la makala. Katika wiki ya pili, baridi ya mvua ikiwa imeshika, familia moja iliwasha makala ndani ya chumba, ikafunga mlango na dirisha ili kuta zikauke haraka. Usiku mtoto akaanza kutapika, mama akasema malaria, baba akaamka kutafuta dawa akaanguka. Jirani aliyesikia kishindo alivunja mlango. Wote wako salama. Makala yanapoungua mahali pasipo na hewa yanatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na mtu anasinzia tu. Ni hivyo hivyo kwa jenereta kuwekwa barazani chini ya dirisha. Ukuta unakaushwa na upepo: milango na madirisha wazi mchana, kabati na vitanda vikae mbali na ukuta. Yeyote atakayekutwa na mbabula ndani ya chumba kilichofungwa, zamu ina ruhusa ya kuitoa nje bila kuomba radhi.

Visima vilitupa wasiwasi kuliko kuta. Wengi wetu tunakunywa maji ya kisima kilicho hatua chache tu kutoka kwenye choo, na maji yalipopanda, vyote viwili vilikuwa kitu kimoja. Kipindupindu si mgeni Katanga. Tulifunga visima kwa kamba, tukawapeleka watu kwenye foraji, kisima kirefu cha bomba, iliyo upande wa juu, na foleni ile mnaikumbuka. Kisima kilichoingiwa na maji ya mafuriko kinatolewa maji, kuta zake zinasuguliwa, kinawekwa dawa ya klorini na kuachwa usiku mzima, kisha maji yanachotwa mpaka harufu ya dawa iishe. Kabla ya hapo, maji ya kunywa ni ya kuchemsha mpaka yatokote. Bamama wa kamati ya afya walipita wakifundisha maji ya chumvi na sukari kwa mtoto mwenye kuhara: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, na safari ya kwenda kituo cha afya bila kungoja. Kwa kazi hiyo hawakulipwa hata franka moja, na naomba tuwapigie makofi kabla sijaendelea.

Karatasi. Hapa namshukuru katibu wetu, ambaye ni mwalimu na ana subira nisiyokuwa nayo. Watu walileta diploma ya Serikali, vyeti vya kuzaliwa, hati za lupango na kadi za mchaguzi zilizogandamana na tope, na wengi walikuwa wameanza kuzibandua kwa kucha. Karatasi iliyolowa haibanduliwi. Katibu aliziosha juujuu kwa maji masafi katika beseni, akazilaza kivulini katikati ya magazeti makavu, akabadilisha magazeti asubuhi na jioni, na zilipoanza kujiachia ndipo akazitenganisha moja moja. Diploma ya kijana mmoja ilitoka na mhuri wake ukisomeka. Nyingine zilikufa, hasa zile zilizoandikwa kwa wino wa kalamu ya maji.

Upande wa wakubwa, tuliandika barua kuhusu mitaro na daraja, tukapeleka wenyewe, tukagongewa mhuri wa kupokelewa. Hiyo ndiyo taarifa yote niliyo nayo kuhusu barua hizo. Faili yetu ya kutambuliwa kama chama kisicho cha faida, kufuatana na sheria ya Kongo nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, inaendelea. Bila karatasi hiyo, wafadhili wanatusikiliza vizuri na kutuaga vizuri.

Kotizasio, yaani michango, ndugu zangu. Zaidi ya nusu ya waliolalamika kuhusu simenti hawajalipa tangu mwaka juzi. Tuliwasaidia wote bila kuangalia daftari, kwa sababu maji hayakuangalia daftari. Lakini mkono mtupu haulambwi, na petroli ya motopompe haikopeshwi.

Komiti inaomba kura yenu leo juu ya mambo yafuatayo. Nyumba yoyote itakayojengwa upya kwa msaada wa sanduku iwe na msingi wa mawe na safu nne za tofali za kuchoma juu yake kabla ya tofali za udongo kuanza, ili maji yakirudi yakute mguu mgumu. Sanduku litakopesha tofali za kuchoma, si kuzigawa. Salongo ya mitaro ifanywe kila Jumamosi ya Septemba na Oktoba, na asiyekuja atume mtu au alipe. Tununue motopompe yetu wenyewe badala ya kukodi, maana usiku ule mwenye kukodisha alipandisha bei mara mbili huku maji yakipanda. Na sheria ya plastiki ya fundi ibaki: hakuna plasta inayolipwa na chama mpaka plastiki ikeshe ukutani na kukutwa kavu.

Najua hilo la mwisho litaleta kelele, na nimemwomba fundi akae hapa mbele. Amekuja na kile kipande cha plasta kilichodondoka mwezi wa saba, kimefungwa katika gunia. Mnaotaka kupinga, kishikeni kwanza, mkigeuze upande wa nyuma, kisha inueni mkono. Baada ya kura, mtunza sanduku atasoma hesabu, franka kwa franka.