Njia ya kwenda wodi ya wazazi nayo ifike mezani

Mhariri,

Nimekuwa nikifuatilia taarifa za gazeti lako kuhusu vita vya mashariki mwa Kongo tangu Goma ilipotwaliwa na waasi wa M23 Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Mnaandika kwa uangalifu, na idadi ya waliouawa kwa risasi na mabomu mnaitafuta hata inapokuwa vigumu kuipata. Lakini wapo wanaouawa na vita hivyo bila risasi, nao siwaoni katika hesabu zenu: wanawake wanaofia nyumbani au njiani wakati wa kujifungua kwa sababu barabara ya kwenda hospitali imefungwa, au kwa sababu ni usiku na hakuna anayethubutu kutoka.

Mimi ni mkunga mstaafu, na ninaomba nafasi nieleze kwa nini saa chache ni jambo kubwa kiasi hicho. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Sindano ya kwanza anayohitaji, oksitosini, si ya gharama kubwa na kila mkunga anaijua, ila inapaswa kutunzwa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Mafuta ya jenereta yakikosekana na jokofu likazimika kwa siku kadhaa, dawa ile huendelea kuonekana safi ndani ya kichupa chake huku nguvu yake ikipungua, na mkunga hutambua hivyo pale tu damu inapokataa kukoma. Vidonge vya misoprostoli, ambavyo navyo husaidia kuzuia damu, havihitaji jokofu, ndiyo maana vina thamani kubwa penye vita, lakini havimsaidii mama ambaye mtoto wake amekaa kikingama. Huyo anahitaji chumba cha upasuaji, damu ya kuongezewa na daktari anayelala hapo hapo.

Katika maeneo mengi ya Kivu na Ituri chumba hicho kimo ndani ya hospitali ya misheni, na si kwamba ipo nyingine ya kuchagua. Hospitali ya Panzi ya Bukavu, iliyoanzishwa na Dakta Denis Mukwege mwaka 1999 chini ya kanisa la Kipentekoste, inafahamika duniani kote kwa kuwatibu wanawake waliobakwa. Wachache wanakumbuka kwamba nia yake ya awali ilikuwa kuwaokoa wajawazito. Kabla ya hapo alikuwa mganga mkuu wa Lemera, hospitali nyingine ya misheni, ambako Oktoba 1996 wagonjwa waliuawa vitandani mwao. Septemba 2002 ikawa zamu ya Nyankunde, huko Ituri: wagonjwa na watumishi waliuawa, na hospitali iliyokuwa tegemeo la eneo zima ikaporwa na kuharibiwa.

Sisemi kwamba hospitali za misheni hazina dosari. Niliwahi kufanya kazi katika mojawapo ambako mama alizuiliwa wodini kwa wiki tatu pamoja na kichanga chake, kwa kuwa ndugu zake hawakuweza kulipa deni la upasuaji, na mpaka leo naona aibu kwamba nilinyamaza. Hata hivyo, mama mwenye kifafa cha mimba hana muda wa kuchagua mlango wa kubisha.

Upande wa watoto wachanga, vita vinatulazimisha kurudi kwenye njia iliyobuniwa kwa sababu ya uhaba. Huduma ya kangaruu, yaani kumfunga mtoto njiti kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, ilianza Bogotá mwaka 1978 katika hospitali ambayo vitanda vya joto havikuwatosha watoto. Haitegemei umeme, na kwa maoni yangu ina sifa moja ambayo vitabu vyetu vya ukunga havikuitaja: ni matibabu ambayo mama anaweza kukimbia nayo.

Sheria haikukaa kimya. Mkataba wa Nne wa Geneva wa mwaka 1949, katika kifungu cha 18, unakataza kushambulia hospitali za raia, na wanawake wanaojifungua wametajwa humo waziwazi. Kifungu cha 23 kinazungumzia kupitishwa kwa dawa, pamoja na mahitaji ya wajawazito. Mei 2016 Baraza la Usalama likarudia kuhimiza ulinzi wa huduma za afya vitani kwa azimio namba 2286. Mwaka 2025 yakaja makubaliano ya amani ya Washington kati ya Kongo na Rwanda mwezi Juni, na tamko la Doha kati ya Kongo na M23 mwezi Julai. Ninawaomba waandishi wako, wanapokutana na wajumbe wa pande hizo, wawaulize swali dogo: ambulansi yenye mzazi ikifika kwenye kizuizi saa nane usiku, ni nani mwenye amri ya kuinua mti, na amri hiyo imeandikwa wapi?

Na wakipata nafasi ya kufika huko, wasiishie ofisini kwa mganga mkuu. Waombe kuonyeshwa rejesta ya leba, bila kunakili jina la mtu, walinganishe saa ambayo uchungu ulianza na saa ambayo mama alipokelewa, kisha watuchapishie tofauti hiyo.

Mkunga mstaafu