Nani mwenye neno la mwisho saa nane usiku?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niulize swali nililolibeba tangu nilipokuwa mjumbe wa bodi ya hospitali moja ya shirika la dini huku kwetu magharibi mwa Tanzania, hospitali yenye mkataba wa huduma na halmashauri. Jina la hospitali nalihifadhi, na la halmashauri pia. Swali lenyewe ni fupi: hospitali na halmashauri wakishasaini, nani anaamua nini?

Usiku mmoja mkamwana wangu alifikishwa pale akiwa na uchungu wa siku ya pili. Ilikuwa lazima apasuliwe. Dirishani tukaambiwa tutoe fedha kwanza. Nikasema, jamani, mama mjamzito si ana msamaha, na mkataba wenu si unalitaja jambo hilo? Mhasibu, kijana mwenye adabu zake, akanijibu: “Ni kweli mzee, ila halmashauri haijaleta fedha robo ya pili sasa, na mimi nimeagizwa nisimpitishe mtu bila risiti.” Nikampigia simu ofisa mmoja wa halmashauri ninayefahamiana naye. Akaamka, akanisikiliza, akasema kutoza au kutotoza ni uamuzi wa hospitali, yeye hawezi kuwaingilia. Nikampigia mganga mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali. Akasema msamaha ni sera ya Serikali, waulizwe halmashauri.

Mama alipasuliwa kwa sababu daktari wa zamu alijitwika mzigo, akaandika jina lake pembeni ya fomu na kumwambia mhasibu, “Nidaini mimi.” Mtoto yuko darasa la pili. Daktari yule aliandikiwa barua mbili za kujieleza, moja ya hospitali na nyingine ya halmashauri, maana alikuwa mtumishi wa Serikali aliyeazimwa pale. Kuidhinisha huduma hakupatikana bosi hata mmoja. Kwenye barua wakajitokeza wawili.

Nililipeleka suala hilo kwenye bodi. Likawekwa kwenye Mengineyo. Waliokaa vikao wanaijua Mengineyo: makabrasha yamekwisha kukunjwa, na harufu ya pilau imeshaingia ukumbini.

Baadaye nikaomba kuusoma mkataba wenyewe. Ulichukua miezi miwili kupatikana, na mimi ni mjumbe wa bodi. Umesainiwa na halmashauri upande mmoja na mmiliki wa hospitali upande wa pili. Wanaolala wodini hawamo, wanaoshika zamu hawamo. Umejaa “watashirikiana”, “kwa kushauriana” na “pande zote zitahakikisha”. Neno “ataamua” nililikuta mara moja tu, na lilihusu msuluhishi endapo pande mbili zitagombana.

Nawaelewa wote wawili, maana historia yao si ya jana. Hospitali za madhehebu ni wenyeji wa siku nyingi katika mikoa hii: Tabora kuna Sikonge ya Wamoravian, Ndala ya Wakatoliki, Nkinga ya Wapentekoste, Kigoma kuna Kabanga na Heri. (Ile yangu haimo humu, msomaji asianze kupiga ramli.) Halmashauri nazo zilifutwa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza tena kazi 1984. Basi hospitali humwona mkurugenzi wa halmashauri kama mgeni aliyekuja na masharti, na mkurugenzi huiona hospitali kama kibarua aliyelipwa ruzuku. Mwaka 1992 Serikali na makanisa walitiliana saini makubaliano juu ya huduma za jamii, na mwaka 2007 ukatoka mkataba wa mfano wa kutumiwa na halmashauri. Nia ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kushika kalamu na kuandika: hili lako, hili langu.

Kuna upande wa tatu pia, wa wananchi wenyewe, ambao haukusaini kitu. Tabora tunaujua upande huo vizuri, kwa sababu Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, miaka kadhaa kabla ya sheria ya 2001. Kaya ilitoa, Serikali ikaongeza kiasi kilekile, tele kwa tele. Wakulima wa tumbaku na pamba walichangia kabla mikoa mingine haijajua mfuko huo ni mdudu gani. Katiba yetu, Ibara ya 146, inasema madhumuni ya kuwapo Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kwenye bodi yetu wawakilishi wa wananchi tulikuwa wawili. Tulikaribishwa kwa heshima zote, tukatambulishwa, tukasikilizwa. Bei ya kumwona daktari ilipopanda, tuliisoma ukutani kama watu wengine.

Linganisha na zahanati ya kijiji. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, ule unaochangiwa na wahisani, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ya usimamizi, yenye wanakijiji ndani yake, ndiyo inayokaa kupitisha matumizi. Najua kuna kamati zinazosinzia na kuna waganga wanaozipelekea muhtasari ulioandikwa tayari. Lakini paa likivuja, mtu anajua aende kwa nani. Sisi gari la wagonjwa lilinunuliwa na halmashauri, dereva akaajiriwa na hospitali, na mafuta yakawa ya kuulizana. Kutoka usiku lilihitaji saini mbili, na mmoja wa wenye saini alikuwa akiishi mjini. Gari jipya, limefunikwa turubai chini ya mwembe, na kuku wakilala juu yake.

Hata hivyo usiseme haiwezekani. Utaratibu wa m-mama, wa kuwasafirisha wajawazito na watoto wachanga wakati wa dharura, uliosambazwa nchini kuanzia 2022 umeonyesha njia. Ukipiga 115, aliye kwenye zamu anauliza maswali yake kwa mwongozo, na kama gari la wagonjwa halipo karibu, anamwita dereva wa jamii aliyesajiliwa, naye atalipwa. Hakuna anayemwamsha mkurugenzi. Uamuzi ameachiwa mtu aliye macho saa hiyo, na hesabu zinafuata mchana.

Mkurugenzi atasema fedha ni za umma, na CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, akija na hoja zake hamwiti askofu, anamwita yeye. Hospitali itasema mishahara ya wauguzi wao haisubiri robo. Wote wana haki, na ndiyo maana ushirikiano wao ukiachwa kwenye “kushauriana” huishia kwa mgonjwa. Mimi ningetaka iandikwe waziwazi kwamba msamaha wa dharura unaidhinishwa na daktari wa zamu, basi, na madai yake yaende halmashauri baada ya mgonjwa kuhudumiwa, bila barua ya kujieleza. Bei isipande mpaka wawakilishi wa wananchi wapige kura. Mtumishi aliyeazimwa, nidhamu yake ya kila siku iwe ya mganga mfawidhi peke yake. Yakifika ya kusimamishwa kazi, ndipo mwajiri aitwe. Gari litoke kwa saini ya aliye zamu.

Gumu zaidi ni la fedha kuchelewa. Katika mkataba niliousoma, halmashauri ilitakiwa kuleta fungu kila robo, lakini hakuna mstari uliosema isipoleta nini kifanyike. Hapo ndipo madaraka yote yanapohamia kimyakimya. Anayechelewesha fedha amekwisha kuamua, hata kama hakukaa kikao, na hospitali nayo ikirudisha risiti dirishani imeamua, hata kama haikutoa tangazo. Hakuna muhtasari, hakuna jina la mtu, hakuna diwani wa kuulizwa kwenye baraza. Iandikwe basi: fedha zikichelewa zaidi ya siku kadhaa, hospitali itoe taarifa kwa mkurugenzi, taarifa hiyo isomwe kwenye baraza la madiwani mbele ya wananchi, na wakati huohuo mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano waendelee kupokewa. Idadi ya siku wapange wenyewe, mimi sina ugomvi. Ninachotaka ni namba.

Bodi nimeshaiacha, miaka imenizidi. Lakini mkataba ule, kwa hesabu yangu, unakaribia kuhuishwa. Wakikaa, wautolee ukurasa mmoja wa nani anaamua nini, waubandike pale dirishani kwa mhasibu, kwa maandishi makubwa tafadhali, maana usiku umeme hukatika na mzee kama mimi atausoma kwa tochi ya simu.

Mjumbe wa zamani wa bodi,
Ng’ambo, Tabora.