Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: na jua nalo tutangaziwe

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, shikamoo.

Mimi ni mtu wa redio koli hapa Kibirizi, kazi yangu kuongea na maboti yanayoshuka kusini huko ambako simu ikikata imekata. Umefika wapi, umebeba nini, ziwa likoje, basi.

Tarehe 3 Oktoba 2024, Alhamisi, saa 9 na robo alasiri hivi naongea na nahodha mmoja, ananihesabia magunia ya dagaa, katikati ya neno kimya. Yaani kimya kama redio imezikwa. Nikakaza terminali, nikabadilisha betri, N70 nzima, nikampandisha kijana kwenye mwembe akakague waya wa antena akashuka na majimoto mpaka shingoni. Mke wa nahodha alikuwa ameshafika, kasimama mlangoni haongei, na kwa ziwa letu hili boti likinyamaza unajua watu wanawaza nini. Baadaye redio ikarudi yenyewe, na nahodha wala hana habari, alidhani nimeenda kula!

Kumbe jua. Siku ile lililipuka, mlipuko wa daraja la X9.0 (X ndo daraja la juu kabisa la milipuko ya jua, M linafuata chini yake), kilele chake saa 9 na dakika 18 kwa saa zetu. Miale yake inatumia dakika kama 8 tu kufika huku, ikifika inavuruga anga ya juu, basi mawimbi ya redio yanayotakiwa yapande yagonge yarudi yanamezwa hukohuko. Upande wenye mchana ndo unaumia, na mchana ulikuwa kwetu Afrika.

Sasa utasema nani angejua. Dakika yake hakuna anayeijua, hata wataalamu. Lakini doa la jua lililolipuka siku ile, wanaliita 3842, lilikuwa limeshalipua X7.1 usiku wa kuamkia tarehe 2, sisi kwetu giza ndo maana hatukusikia kitu. Na kila siku Wamarekani pale Boulder wanatoa bure utabiri wa siku 3, asilimia za milipuko ya M na ya X, na Afrika Kusini pale Hermanus wana kituo cha kazi hiyohiyo saa 24. Ila utabiri wenyewe uko kwa Kiingereza na namba namba, mwaloni nani atausoma.

Upepo tunatangaziwa, mawimbi tunatangaziwa, tunashukuru. Naomba uongezwe mstari mmoja tu wa Kiswahili, usomwe kwenye redio za hapa mkoani na uandikwe kwenye ubao wa mwaloni: jua leo limechafuka, redio ikikata mchana panda masafa ya juu maana yale ya chini ndo yanachelewa kurudi, usianze kufungua betri. Na wavuvi nao waambiwe, maana huku karibu na ikweta, hasa miezi ya Machi na Septemba, jua likishazama mpaka kwenye saa 6 usiku anga hiyohiyo ya juu huchafuka na GPS inaweza kuyumba, na ndo saa wanazotoka na taa zao.

Sio jambo la bajeti, Mheshimiwa. Ofisi yako itaje mtu mmoja tu wa kututumia huo mstari kabla ya saa 1 asubuhi. Ubao upo, chaki nitanunua mimi.

Wako,
Mtu wa redio koli, Kibirizi