Chupa ya juisi ya ubuyu imevimba: kimetokea nini, na uitunze vipi

Wateja wengi wameacha soda na kuhamia kwenye juisi za asili: ubuyu, ukwaju, rozela, na siku hizi mchanganyiko wa hizo na tangawizi. Ombi linaloandamana na agizo karibu kila mara ni "msiweke kemikali". Sawa, hatuweki. Ila juisi isiyo na dawa ya kuzuia kuharibika haikai kama soda ya dukani, na lalamiko linalotufikia zaidi ni la chupa iliyovimba kitako hadi haisimami mezani, au iliyofoka ilipofunguliwa.

Anayeivimbisha ni hamira. Si ile ya pakiti ya kuumulia maandazi, ni jamaa zake wanaoishi kwenye maganda ya matunda, kwenye vumbi na hata kwenye vitambaa vya kuchujia. Hula sukari, hutoa gesi na kilevi kidogo. Ndiyo maana juisi iliyochacha huwasha ulimi na kunukia kama togwa iliyopitiliza, na kwa wanaoagiza kwa ajili ya futari hilo la kilevi si jambo la kupuuza.

Je, hatuipashi moto? Tunaipasha. Ubuyu hufika nyuzi joto 75 kwa dakika moja, kisha sufuria huingia kwenye beseni la maji ya barafu. Tukiuchemsha kabisa, unakuwa mzito kama uji na vitamini C nyingi inapotea. Tatizo ni chupa ya plastiki: ukiimiminia kitu chenye joto la nyuzi 70 na zaidi hujikunja, hivyo lazima juisi ipoe kwanza. Hapo katikati, kutoka sufuriani hadi kwenye kizibo, hamira chache huweza kurudi hata kama mirija na vifaa vyote vimechemshwa. Zikikaa kwenye baridi ya nyuzi 4 hazifanyi mengi. Zikikaa kwenye joto la nyuzi 30 la mchana wa Dar, zinaanza kazi siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo muda wa siku 5 ulioandikwa kwenye lebo ni wa ndani ya friji, mfululizo. Iweke rafu ya chini, nyuma kabisa. Mlangoni, ambako karibu kila mtu huweka chupa, ndiko kwenye joto zaidi, maana kila ukifungua friji pale ndipo hewa ya nje inapopiga. Umeme ukikatika, usifungue friji. Ukikatika kwa zaidi ya muda wa saa nne, ihesabu juisi kuwa ya kunywa siku hiyo. Na usinywee mdomoni kisha ukairudisha chupa ndani: mate yana vijidudu vyake, na chupa ya namna hiyo huharibika mapema zaidi.

Unaweza kuigandisha ikakaa mwezi mmoja. Punguza juisi kwanza, uache nafasi ya vidole viwili juu, kwa sababu maji yakiganda huongezeka takribani asilimia 9 na kupasua chupa. Iyeyushe ndani ya friji, si mezani. Baridi ya friza haiui hamira, inazilaza tu.

Unga mweupe uliotuama chini ya chupa ya ubuyu hauna shida, ni ubuyu wenyewe. Tikisa, mimina. Lakini chupa ikiwa ngumu ukiibonyeza na kizibo kikatoa "psss", ifungulie kwenye sinki polepole, bila kutikisa, umwage. Kuichemsha upya kutaondoa gesi. Ladha haitarudi, na kilichoota humo hukijui. Usihamishie juisi hizi kwenye chupa ya kioo yenye kizibo cha kukaza: plastiki huvimba, kioo hupasuka.

Tunaulizwa pia kwa nini hatufungashi juisi ya miwa, tikiti wala parachichi. Ni suala la uchachu. Ukwaju na rozela zina pH (kipimo cha uchachu: namba ikiwa ndogo, uchachu ni mkubwa) karibu na 3, ubuyu juu kidogo ya hapo, na bakteria wengi wabaya hawastawi chini ya 4.6. Miwa na tikiti ziko juu ya 5, kwa hiyo huharibika haraka na wakati mwingine bila dalili yoyote ya nje. Hizo zinywe pale pale zilipokamuliwa. Hata hivyo uchachu hauui kila kijidudu, ndiyo sababu maji yetu yote huchemshwa, hata ya ukwaju.

Kwa wanaotaka asali au tende badala ya sukari: tunaweza, na ladha ni nzuri, lakini mwili unazipokea kama sukari. Mwenye kisukari asidanganyike na maneno "bila sukari" ya mtu yeyote. Asali pia haifai kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

Rozela ukipika nyumbani, gramu 30 za maua makavu kwa lita moja ya maji yaliyochemka, dakika 10 hadi 15, uchuje. Ukizidisha inakuwa kali ya kukaza mdomo. Usitumie sufuria ya alumini. Uchachu unaila na kinywaji kinapata ladha ya bati. Tumia ya chuma kisichoshika kutu. Wekundu wake ni rangi ya ua tu, haumaanishi kwamba "inaongeza damu". Inaweza kushusha presha kidogo, hivyo anayetumia dawa za presha, na mjamzito pia, aulize kwanza kwa daktari. Sisi tunaiuza kama kinywaji.

Kwa shughuli, hesabu glasi mbili za mililita 250 kwa mgeni: watu 100 ni lita 50. Mkituambia mapema kwamba mtaweka barafu ndani ya glasi, tunapunguza maji kwa sehemu moja ya tano ili juisi isipwaye. Chupa zipozwe kwenye beseni lenye barafu na maji pamoja, zinapoa haraka kuliko kwenye barafu peke yake. Barafu hiyo isiingie kwenye glasi za wageni. Agizo la zaidi ya lita 20 litufikie siku mbili kabla, kwa sababu ukwaju unalowekwa usiku kucha na chupa tunazipeleka zikiwa tayari za baridi, asubuhi ya siku yenyewe.